Kuku Aliyeendesha Friji

Mama yangu alinipigia simu mchana mmoja, akaniuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye kuku angelijibu kwa neno moja.

"Mwanangu, yule kuku wangu ameshatotoa?"

Nilikuwa chumba cha walimu, daftari za wanafunzi mbele yangu, na jibu sikuwa nalo. Nikisema ametotoa, nimedanganya. Nikisema hajatotoa, nimedanganya pia, maana stoo kwangu vifaranga walikuwa wametoka, wamelia na wamechukuliwa na wenyewe. Nikasema, "Mama, mtandao unakatakata," nikakata mimi mwenyewe.

Kuku huyo alikuwa mwekundu, shingo haina manyoya, macho kama ya mwalimu wa zamu. Mama alimtoa kijijini kwetu Sengerema, akavuka naye kwa kivuko cha Kamanga akiwa amempakata ndani ya kitenge, na alipofika kwangu mjini, Buzuruga, akamfunga kwenye mguu wa kabati la vyombo. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," akasema. Kisha akanikumbusha sharti ambalo kwetu haliandikwi popote lakini halisahauliki. Ukipewa kuku jike wa kufuga, mayai ya kula ni yako, lakini akilalia na kutotoa, uzao wa kwanza mnagawana na aliyekupa. Nikakubali. Nilikulia kwenye sharti hilo na sikuona ugumu wake. Ugumu ulikuwa kwa mume wangu.

Mume wangu ni fundi wa vyombo vya umeme, ana kibanda chake Mkuyuni, na ana ugonjwa mmoja: hawezi kutupa kitu. Friji likimfia mikononi haliendi kwa wauza vyuma chakavu, linakuja nyumbani. Yeye ni mtu wa Bukoba, na majirani zetu humtania kwamba Mhaya hakubali kushindwa hata na kitu kilichokwisha kufa. Basi likaja friji moja refu, jeupe, maiti kabisa. Akalisimamisha stoo, akalitoa matumbo, akapanga trei, akafunga balbu na feni, akatangaza mtaa mzima kwamba sasa tuna mashine ya kutotolea vifaranga. Majirani wakaleta mayai. Yakachemka.

Kosa lilikuwa la kile kidude kinachopima joto na kuwasha na kuzima balbu. Umeme wa mtaani kwetu ukiondoka huondoka kimya, lakini ukirudi hurudi na hasira, na kila uliporudi uliunguza kidude. Aliweka kingine, kikaungua. Akaweka cha tatu, nacho hakikufika Jumapili. Tulikula mayai yaliyoiva nusu hadi watoto wakaanza kunisalimia kwa mashaka nikitoka jikoni.

Hapo ndipo kuku wa mama alipojilaza kwenye boksi la sabuni, kona ya stoo, akagoma kutoka. Alikuwa analalia. Mume wangu alichuchumaa mbele yake kwa muda mrefu sana, kidevu mkononi.

"Huyu haungui," akaniambia. "Umeme ukikatika yeye hakatiki. Kinachotafutwa kwenye vidude vyote vile, huyu kazaliwa nacho."

"Huyu ni kuku wa mama," nikasema.

"Simli. Namwajiri."

Akafinyanga yai la plasta, zuri mno, hata mimi ningelinunua. Ndani yake akatia kipima joto kidogo kama punje ya mtama, na kidude kingine kinachojua yai likigeuzwa. Waya mwembamba ukatoka kwenye yai, ukapita ukutani, ukaingia ndani ya friji. Akaondoa mayai yote ya kuku, akamwachia lile moja. Kuku alilitazama, akaligonga kidogo kwa mdomo, akalisogeza chini ya kifua chake. Balbu za friji zikawaka. Akiinuka kwenda kunywa maji, yai linapoa, na friji linapoa taratibu pamoja naye. Akirudi, balbu zinawaka. Akiligeuza yai kwa mdomo, ndani ya friji mota inanguruma na trei zote zinalala upande wa pili. Kuku mmoja, uzani wake haufiki kilo mbili, akawa anaendesha friji zima la mayai ya watu.

Nisiwe mnafiki, nilishangilia. Nilimwita jirani yangu katekista aje aone, naye akaja na mayai yake.

Lakini sikujua kwamba kuanzia siku ile nyumba yetu ingetawaliwa. Kuku akishtuka anasimama, akisimama friji linapoa, kwa hiyo ndani ya nyumba ile mtu hakuruhusiwa kumshtua kuku. Milango ilifungwa polepole kama ya kanisani wakati wa mageuzo. Redio ilizimwa. Mpira ulitazamwa bila sauti, na timu yake ilipofunga goli mume wangu aliuma kitambaa. Jumuiya ilipokuja kusali kwetu, katekista alianzisha wimbo kwa sauti yake yote aliyojaliwa na Mungu. Kabla ya ubeti wa pili mume wangu alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono juu, akinong'ona: "Jamani, tusifu polepole. Mnanipoza mayai." Wakamalizia wimbo kwa kunong'ona, wazee kwa vijana, na katekista aliniambia baadaye kwamba hajawahi kusali kwa hofu kiasi kile.

Ikafika mahali mume wangu akiingia stoo asubuhi anasema, "Shikamoo." Mwanzoni ilikuwa utani. Baadaye sikuwa na hakika.

Mayai yakatotolewa. Karibu yote. Mlango wa friji ulipofunguliwa sauti ilijaa stoo nzima, majirani wakaja na maboksi yao, mume wangu akapeana mikono na kila mtu kama mgombea aliyeshinda. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kona, na nilimwona kuku.

Alisikia zile sauti. Akaanza kujibu, ile sauti ya chini ya koo ambayo kuku huitoa kwa vifaranga peke yao. Akainuka, akaliangalia yai lake, akaligonga. Kimya. Akaligonga tena. Akatoka kwenye boksi, akaenda moja kwa moja hadi kwenye friji, akasimama mbele ya mlango akiita. Mume wangu akamwinua kwa upole kabisa, akamrudisha juu ya plasta. "Kaa, mama," akamwambia. "Tuna mayai mengine yanaingia leo."

Roho iliniuma. Nasema wazi, iliniuma kuliko nilivyotegemea kuumwa na jambo la kuku. Nafundisha Uraia sekondari, haki za binadamu nazisomesha hadi usingizini, lakini sura ya kuku kwenye kitabu haipo. Nilimwambia mume wangu jioni ile wakati tunakula.

"Umemdhulumu."

"Nani kamlazimisha?" akauliza. "Hana kamba, hana fimbo. Punda anapigwa, ng'ombe anafungwa nira. Huyu amekaa tu, jambo analolipenda mwenyewe. Mimi nimempa kazi ya ndoto yake."

Nikakasirika zaidi. Mume wangu akiwa na hoja nzuri huwa anakula kwa starehe sana, na siku hiyo aliongeza ugali.

Mayai ya pili yakaingia. Sasa kuku anayelalia hali vizuri. Anatoka mara moja kwa siku, anadonoa haraka, anarudi. Mungu alimpangia hivyo kwa sababu mwisho upo karibu, na mwisho wenyewe ni vifaranga. Kuku wetu hakuwa na mwisho. Kilemba chake kikapauka. Kifua kikawa mfupa. Nilimwekea mtama hadi mdomoni akanitazama kwa yale macho ya zamu, akageuza yai, na ndani ya friji mota ikanguruma. Nikawa naona huyu atakufa pale pale juu ya plasta, na mume wangu atajua kwa kuona friji limepoa.

Ndipo mama akapiga simu. Na nilipokata, yeye hakupiga tena. Mama yangu ukimkatia simu hupandi kwenye orodha ya watu wa kupigiwa, unapanda kwenye orodha ya watu wa kutembelewa. Kesho yake alivuka Kamanga, na mkononi alikuwa na tenga tupu la kubebea vifaranga wake.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hawakai pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja hutafuta kichaka. Mume wangu alipoelezwa desturi hii wakati wa posa aliipokea kwa furaha ambayo ilinitia shaka. Tangu hapo mama akifika, yeye hupotelea chumbani, na wakitaka kuambiana jambo hulipitisha kwangu hata kama kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri.

"Shikamoo mama," ikasikika sauti nyuma ya pazia la chumbani.

"Mwambie mkwe wangu marahaba," mama akaniambia. "Kuku yuko wapi?"

Nikampeleka stoo. Nikamweleza kila kitu: friji, balbu, plasta, waya. Mama hakunikatiza. Aliinama, akatia mkono chini ya kuku, akalitoa yai, akalipima kiganjani. Kisha akampapasa kuku kifua.

"Mayu!" akashangaa kwa lugha ya kwetu, kwa sauti ndogo. "Amebaki fimbo." Akanigeukia. "Wale vifaranga waliotoka, nani aliwalalia?"

"Friji, mama."

"Friji lilikuwa na joto?"

"La umeme."

"Na umeme ulijuaje lini uwake, lini uzime?"

"Kwa kuku."

"Basi kuku ndiye aliyelalia. Vifaranga ni wake, na nusu ni wangu. Wako wapi?"

Pazia likatikisika. Mume wangu alikuwa amesogea hadi mlango wa chumba unaotazamana na stoo, mgongo kwetu, uso ukutani, kwa heshima. "Mwambie mama kwamba kuku hakulalia yale mayai. Alitoa ushauri tu. Friji ndilo lililofanya kazi."

"Mwambie mkwe wangu," mama akajibu, "huku mjini washauri hawalipwi?"

Nilikohoa ili nisicheke. Halafu fundi akaleta ile hoja yake ya ugali, akiwa na uhakika itafanya kazi kwa mama kama ilivyofanya kwangu. "Mwambie mama, yeye mwenyewe analima kwa ng'ombe. Ng'ombe anavuta plau, kuku anaendesha friji. Tofauti iko wapi?"

Mama alikaa juu ya kigoda, tenga mapajani. Hakuonekana kukasirika. Alionekana anafikiria ng'ombe wake.

"Mwambie," akasema, "ng'ombe wangu anajua analima. Udongo anauona, nira anaisikia, na akichoka anagoma nami najua amegoma. Jua likipanda namfungua, anakwenda majini kunywa. Huyu hajui kama anafanya kazi. Anajua ana mtoto. Na nyinyi mnamfungua lini?"

Sikuhitaji kupitisha swali hilo kwa mtu. Sote watatu tulikuwa tumelisikia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nimeisikia methali hiyo mara nyingi, lakini siku hiyo niliona mtu anaitekeleza. Mama alisimama, akamwinua kuku, akatoka naye nje, akamwekea maji kwenye sufuria na mahindi yaliyosagwa. Kuku alisimama akiyumba juani kama mtu aliyeshuka kwenye meli. Kisha akala. Alikula, na akala, na akala.

Ndani, balbu zikazima.

"Mwambie mama mayai ya watu yatakufa!" mume wangu akapiga kelele, heshima imeanza kulegea. "Siku za mwisho hizi! Ya katekista yamo humo!"

"Rudisha swichi ya kawaida," nikamwambia.

"Swichi niliitoa. Friji halisikii kitu kingine, linasikia yai tu. Na yai linataka mwili wa moto. Kidude kipya nitaagiza Dar, lakini hakiwezi kufika leo!"

Mama alikuwa amerudi mlangoni, anapangusa mikono kwenye kitenge. Kwa mara ya kwanza tangu harusi yetu alisema neno bila kulipitisha kwangu, ingawa uso aliuelekeza kwenye mtungi wa maji.

"Mkwe wangu hana mwili?"

Tukatazamana, mimi na mume wangu. Fundi ni fundi: nilimwona akipiga hesabu ya kwapa lake kabla hajaona aibu ya kwapa lake. "Linaweza," akasema polepole. "Kwapa linaweza. Na siku hizi za mwisho trei hazigeuzwi, kwa hiyo ni kukaa tu."

Kukaa tu. Nilitaka kumkumbusha nani alikuwa na kazi ya ndoto, lakini nilijizuia, na namshukuru Mungu kwa hilo kwa sababu sikuwa na haja.

Waya haukuwa mrefu kupita boksi la sabuni, kwa hiyo alikaa pale pale, kona ya stoo, kwenye mkeka, amevaa singlendi, yai la plasta kwapani, waya begani, na mkono umebana. Tulitundika kanga katikati ya stoo ili mama asimwone, maana mama alikataa kuondoka. Aliweka kigoda upande wa pili akasema atangoja vifaranga wake. Hivyo ndivyo wakwe wawili ambao hawakuwahi kukaa chumba kimoja walivyokaa, kanga katikati, na feni ya friji ikivuma juu yao.

Mwanzoni alikuwa mchangamfu. Halafu akataka kujikuna. Akijikuna, yai linahama, balbu zinazima, na mama upande wa pili anaguna. Akataka chai, nilimnywesha kwa mkono wangu. Alipotaka kwenda msalani alikimbia na kurudi akiwa hajafunga mkanda, kama kuku kabisa, na aliporudi alijishindilia yai kwapani na kuangalia balbu kwa wasiwasi mpaka zikawaka. Wateja walimpigia kutoka Mkuyuni, akawajibu kwa kunong'ona. Mtoto wetu mdogo alibamiza mlango na baba yake akaruka, friji likapoa, na mtoto akakaripiwa na watu wazima watatu kwa pamoja. Usiku alilala ameketi. Asubuhi niliingia na uji, na kabla sijajua nafanya nini nikasema, "Shikamoo."

Hakucheka. Macho yalikuwa mekundu. "Mkono umekufa ganzi," akaniambia. "Lakini nadhani nalisikia. Hili yai. Kama lina uhai fulani."

"Ni plasta," nikamwambia. "Umelifinyanga mwenyewe."

"Najua," akasema, na akalibana vizuri zaidi.

Kidude cha Dar kilikuwa hakijafika stendi wakati sauti ya kwanza ilipotoka ndani ya friji. Kijisauti kimoja, kikali, halafu cha pili, halafu ukuta mzima wa sauti. Mume wangu aliinuka wima. Alisahau waya, alisahau singlendi, alisahau mama mkwe. Uso ulikuwa umefunguka wote. Alitaka kwenda kuwaona.

Kutoka upande wa pili wa kanga mama akasema, bila hasira yoyote, "Kaa, mkwe. Lako bado. Ukisimama unapoza ya wenzako."

Akakaa.

Kuku alikuwa ameingia. Alikuwa na siku mbili za chakula tumboni na kilemba kimeanza kurudi rangi, na alipita chini ya kanga akiita kwa ile sauti ya koo. Katekista, ambaye alikuja kuchukua vifaranga wake, alimtazama kuku, akamtazama mama na tenga lake, akamtazama mume wangu pale kona, akasema chukueni wangu wote, yeye atangoja uzao mwingine. Nikafungua friji. Nilitoa kifaranga mmoja, bado ana unyevu, nikamtia chini ya kuku. Kuku alitulia ghafla. Akashusha mabawa. Nikatia mwingine, na mwingine, mpaka akawa amevimba pande zote, na mimi nililia kidogo, si siri.

Mume wangu alikuwa bado amekaa. Hakuna aliyemwambia kazi imekwisha. Alilitoa yai kwapani taratibu, akaliweka kiganjani, akaligonga kwa ukucha.

"Huyu alisikia hivi," akaniuliza, "siku ile ya kwanza? Alisikia sauti zile, halafu nikamrudisha?"

"Alisikia hivyo."

Akaligonga tena. "Lakini mimi nilijua ni plasta," akasema, "na bado nilisimama."

Mama akaisukuma kanga kando. Alimtazama mkwe wake usoni, jambo lisilofanywa, kisha akanyoosha mkono juu ya mkeka akamfungua waya begani.

"Haya," akasema. "Nenda majini."